Mfuko Uliolala

Fundi cherehani wetu alikuwa na mdomo. Ukumbi wa mtaa ulikuwa umetundikwa mablanketi ya viraka ukuta kwa ukuta, maonyesho ya kuadhimisha historia ya nchi, naye alipita akikagua mishono ya wenzake bila kuombwa.

"Hili limeshonwa au limefungwa kamba?" aliuliza. Wenye blanketi wakacheka, maana walimzoea.

Sharti lilikuwa kila kiraka kitoke kwenye nguo iliyovaliwa siku ambayo nchi inaikumbuka. Yeye alileta ukanda wa gauni la mama yake, alilovaa bendera mpya ilipopandishwa. Kiraka cha siku ya maandamano makubwa hakuwa nacho. Siku hiyo mdogo wake wa kiume alitoka nyumbani asubuhi, hakurudi. Ilisemekana vijana wengi walivuka mpaka, na neno hilo akaling'ang'ania. Majirani aliwaambia mdogo wake yuko ng'ambo, ana kazi nzuri. Kila mwaka mpya alimshonea shati, akibahatisha upana wa mabega, akalikunja sandukuni.

Akafika kwenye blanketi la jirani yake, muuguzi mstaafu. Katikati palikuwa na mfuko wa shati, mistari yake ya buluu imelala badala ya kusimama.

"Na fundi huyu naye..." alianza kutania, akausogelea mfuko.

Mfuko wa kulala namna ile alishona mmoja tu maishani, kwenye shati la kwanza alilomshonea mdogo wake akiwa mwanagenzi, kitambaa kilipompungukia. Mdogo wake alimcheka siku nzima, kisha akawa halivui. Ndilo alilotoka nalo asubuhi ile. Aliingiza vidole mfukoni, akaupindua ukingo. Ndani kulikuwa na uzi mwekundu, kwa sababu wa buluu ulimwishia.

"Shoga," alisema, "huu umeutoa wapi?"

"Wodini, siku ya maandamano. Kijana aliletwa ana risasi tumboni, hana kitambulisho. Hata jina hakuwahi kulitaja. Alinifia mikononi."

Fundi aliushika tena mfuko. Miaka yote wameombana chumvi, wamecheka pamoja, na huyu ndiye aliyemfumba macho mdogo wake! Hakuamini masikio yake, na bado aliamini.

"Mbona mfuko tu? Shati liko wapi?"

"Tulilikata kwa mkasi tufikie jeraha. Lakini alinishika mkono. Akaniambia, 'Sista, mfuko usiukate. Dada yangu ataninunia.'"

Muuguzi alimtazama usoni, akautazama mfuko, mkono ukamwenda mdomoni.

Kona moja ya mfuko ilikuwa imeachia. Fundi alichomoa sindano kwenye kola ya gauni lake, lakini uzi ukakataa kuingia.

"Ningekununia kwa lipi?" aliuuliza mfuko. "Kwa lipi, mdogo wangu?"