Matembezi ya Siku Nne na Mke Mwenzangu

Wajukuu zangu walinilipia matembezi ya kitalii. Mimi, niliyezaliwa Msambweni, nikazalia Msambweni, nikauza vitumbua kwenye malango ya nyuma ya mahoteli ya Diani mpaka magoti yakakataa, eti nipelekwe kuonyeshwa bahari. Niliposikia nilicheka mpaka kanga ikanifunguka. Halafu nikaambiwa ni siku nne, gari la peke yetu, na wa pili ndani ya gari hilo ni mke mwenzangu. Kicheko kikakatika hapo hapo.

Marehemu mume wetu alikuwa seremala mwenye mikono ya dhahabu na macho yasiyotulia. Aliyeolewa kwanza ni mimi. Miaka tisa baadaye alikwenda Vanga kumtengenezea mtu milango, akarudi hana ujira, ana mke. Akamweka Kikoneni shambani, kwa sababu nilimwambia akimleta kwangu nitaitia nyumba moto nao wakiwa ndani. Toka siku hiyo, miaka arubaini na kitu, yule mwanamke hakuwahi kulala chini ya paa langu. Kwenye harusi za watoto tulisalimiana, matangani tulisalimiana. Mume alipokufa, hata eda tulikaa kila mtu kwake, miezi minne na siku kumi, yeye na mihogo yake, mimi na samaki wangu.

Mjukuu aliyetutembeza ametoka kwa binti yangu wa tatu. Ana cheti cha kuongoza wageni na gari analiendesha mwenyewe, tena kwa mkono mmoja, kama mtu anayekoroga uji. Wageni kutoka Ulaya humsikiliza kimya wakiandika. Mimi niliyeishia darasa la tatu nimetoa kitu kama kile, na mwenye wivu asage chupa anywe.

Asubuhi ya kwanza, kabla hatujaenda Kikoneni kumchukua mwenzangu, msichana alizima gari nje ya nyumba yangu akaniambia nisikilize bila kumkatiza. Macho ya nyanya mdogo, ndiye mwenzangu, yanakwisha. Ni presha ya macho, na daktari amesema kilichokwenda hakirudi. Kuishi peke yake shambani hawezi tena. Mwanawe wa pekee yuko Taru, anauza mbuzi kando ya barabara kuu, na yuko tayari kumchukua, lakini mama mtu Taru hataki hata kuisikia. Mahali pengine palipobaki ni kwangu, chumba cha uani kilichokuwa karakana ya marehemu. Watoto na wajukuu wote waliogopa kuniambia, ndipo wakachanga wakanunua matembezi. Siku ya nne jioni wanataka jibu langu, Msambweni au Taru.

"Mwenyewe anajua?" nikauliza.

"Anajua. Amesema hatakuomba."

"Vizuri. Na mimi sitamkaribisha."

Msichana akawasha gari. Akasema basi angalau tutaona pomboo.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa kiti cha mbele. Kiti hicho kina kioo kikubwa na upepo wa baridi unaotoka kwenye matundu, na sote wawili tulikitaka. Mjukuu alianza kutueleza habari ya kupokezana kila tukisimama. Mwenzangu akamkata kauli, akasema hapana haja ya kutufundisha, sisi tunajua kugawana. Siku mbili mbili, kama zamani. Mimi kwanza, kwa ukubwa wangu. Marehemu alitugawa hivyo hivyo, usiku wa pili kwangu akiwa tayari ananyoa ndevu za kwenda Kikoneni. Kugawana kiti kuliniudhi kidogo kuliko kugawana mume, kwa kuwa kiti hakirudi kwako na mihogo katikati ya meno.

Tulifikia hoteli ya Diani, na kwa mara ya kwanza maishani nikaingia kwa lango la mbele. Askari akanipigia saluti. Nilimtazama vizuri nione kama ni mmoja wa wale walionikopa vitumbua wakahama, lakini alikuwa mtoto mdogo. Kijana wa mapokezi alikuwa mtu wa bara, Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika mdomoni mwake kama wali uliomwagikiwa chai. Aliona karatasi ya watu wawili na chumba kimoja, akadhani anapokea maarusi. Tulipofungua mlango tulikuta kitanda kimoja, kipana kama jamvi la maulidi, kimemwagiwa maua mekundu, na juu yake bata wawili waliokunjwa kwa taulo, wamegusanisha midomo.

Mwenzangu alipapasa kitanda mpaka mkono ukamfikia bata.

"Nini hiki?"

"Bata wawili wanabusiana. Wamedhani tumeoana."

Akambonyeza bata, akasema, "Afadhali ningeolewa na wewe, Bi Mkubwa. Wewe angalau ungekuwa unarudi nyumbani."

Nilijiuma mdomo nisicheke. Nikamwambia achague upande, na mito tukaipanga katikati kama ukuta.

Siku ya pili tulipelekwa kwenye msitu wa kaya, mahali patakatifu pa wazee, Kinondo. Pale huingii hivi hivi. Tulifungwa kaniki nyeusi, tukavua kofia na majivuno, tukaambiwa tusicheke ovyo. Mzee wa pale akatuonyesha mti ambao wageni huukumbatia na kuuachia shida zao. Niliukumbatia, nikaona aibu, nikauachia. Mke mwenzangu akaukumbatia akaganda. Tulimngoja, mzee akakohoa, yeye kimya, shavu limelala kwenye gome. Nikasema kwa sauti kwamba wengine wana shida nyingi, mti wa watu utakauka. Nilipomsogelea ndipo nikamwona mguu mmoja ukitafuta chini, polepole, kama mguu wa mtu anayeshuka kisimani. Mizizi ilikuwa imemzunguka na haioni. Hakuwa akiomba chochote. Alikuwa anangoja mtu amshike mkono bila yeye kusema.

Nilimshika. Nikamwambia twende, mzee wa watu anataka kula.

Jioni hiyo tuliketi ufukweni, na mjukuu akaenda kununua madafu. Mwenzangu akaniuliza kuna nini huko mbele. Aliuliza kama mtu anayepiga soga tu. Nikamwambia kuna wazungu wamelala mchangani kama ng'onda, samaki wa kukaushwa, wamejipaka mafuta, wanageuka upande mmoja ukiiva. Kuna bwana mmoja mzee, tumbo kama mtungi, chupi yake ningeweza kuifutia kijiko. Ana kibibi chake kijana kinamsoma kama ratiba ya treni, ataondoka lini. Kuna ngamia anabeba watoto na uso wake ni ule ule wa marehemu akiombwa hela ya sukari.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumchekesha kabla ya hapo. Kwa hiyo nikazidisha, nikamtilia na wengine wasiokuwapo.

Siku ya tatu zamu ya kiti ilikuwa yake. Tulikwenda Shimoni, tukavikwa majaketi ya kuelea, tukapakiwa kwenye boti ya injini ili kuwatafuta pomboo karibu na Wasini. Nahodha alizunguka wee, maji matupu. Halafu mtu wa boti ya jirani akapiga mluzi, na kweli, kulia kwetu wakaibuka watatu, weusi, wanang'aa. Mke mwenzangu akageukia kushoto. Akanyoosha kidole kwenye maji yasiyokuwa na kitu, akasema kwa furaha kubwa, "Mashaallah, nimewaona. Wazuri hao."

Nahodha akanitazama, na mjukuu naye akanitazama. Walinijua, hata nahodha kwa asubuhi ile moja. Walijua mimi ni mtu wa kusema. Kwa miaka arubaini ningelipa ili nipate nafasi kama ile, mke mwenzangu katikati ya watu, ameshikwa na uongo mkononi.

Nikasema, "Ndio. Watatu. Wa nyuma mnene kama wewe."

Akashusha kidole. Njia nzima ya kurudi aliuficha mkono ule chini ya jaketi, na mimi niliona haya kuliko kama angenitukana. Alijua kwamba nimejua.

Siku ya nne tulifika Vanga. Barabara ile ilitupiga mpaka meno ya bandia nikayavua nikayatia mfukoni. Mjukuu alitaka kututembeza taratibu, amshike nyanya yake mdogo, atueleze habari ya mikoko na mpaka. Mwenzangu alivua viatu akaukataa mkono. Kwao ni Vanga, msije mkasahau kama nilivyosahau mimi. Alikwenda mbele yetu kwa mwendo wa mtu aliyetumwa chumvi. Alipinda uchochoroni bila kupapasa, akaruka mtaro ambao mimi mwenye macho nilitumbukiza mguu, akasimama mbele ya nyumba moja akapiga hodi, na aliyetoka alikuwa shangaziye, kizee kimekauka kama kamba, kikamwita kwa jina la utotoni.

Tulilishwa wali wa nazi na changu wa kupaka. Baada ya kula nikamuuliza, nikanong'ona, mbona hapa anaona.

"Sioni," akasema. "Nyayo zinajua. Taru hazijui hata choo kiko upande gani. Nitakaa kitini kama mtungi mpaka nife."

"Na kwangu je?"

"Kwako?" Alijifuta vidole kimoja kimoja. "Kwako sijapita sebuleni, Bi Mkubwa. Nyayo zitajua nini?"

Nikaanza kukusanya sahani, na mimi ni mgeni.

Tukaanza kurudi. Ukitoka Vanga unafikia njia ya Kikoneni kabla ya Msambweni. Mjukuu alianza kupunguza mwendo tangu mbali, akawasha taa ya kupinda, akanitazama kwenye kioo. Jua lilikuwa linakwenda chini, na siku ya nne ndiyo ile. Nilimwambia anyooshe barabara, tunakwenda Msambweni sote.

"Simamisha gari, mama," mke mwenzangu akamwambia msichana. Gari likasimama pembeni. Alikuwa amekaa mbele, amenyooka, mkoba mapajani. "Anakwenda Msambweni nani? Mimi si gunia la nazi. Nani ameniuliza?"

"Umesema hutaomba," nikamwambia.

"Sitaomba. Nimesema niulizwe."

Mwenye kiburi anajua uchungu wake. Marehemu alipooa mara ya pili alinipigia magoti siku tatu nimpokee mwenzangu, nimfungulie mlango mara moja tu, nimpe maji, ili watu waone. Nikakataa. Mke mkubwa akikataa kumpokea mdogo, mdogo habishi hodi hapo tena. Hodi hiyo ilikuwa inaningoja tangu wakati huo, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuijibu.

"Bi Mdogo," nikasema, na sauti ikanitoka mbovu kwa kuwa meno yalikuwa bado mfukoni, "karibu kwangu. Chumba ni cha uani. Ukitoka mlangoni, choo ni kushoto, hatua nane zangu, zako labda kumi. Kisima kimefunikwa. Paka ni mwizi. Mimi nakoroma."

"Hilo la kukoroma nimelijua Diani."

"Basi unakuja?"

Aliufungua mkoba akaufunga, akaufungua tena, mpaka mjukuu akaanza kupiga chafya za kujifanya, maana machozi yalikuwa yanamtoka. Hatimaye mwenzangu akasema atakuja, lakini si leo, na si kwa kupita. Aende kwanza Kikoneni akafunge mlango wake mwenyewe. Nije nimchukue mimi, kwa miguu yangu, nibishe hodi kwake. Na pilipili zangu hataki kuzila.

Siku ya tatu yake nilikwenda. Nikabisha hodi. Alinikawiza nje mlangoni makusudi, namsikia ndani anahamishahamisha sufuria zisizohitaji kuhamishwa. Sikuondoka.

Kuja kwake kulianza vibaya. Kwenye mlango wangu wa mbele kuna kizingiti kirefu cha mvule, kazi ya marehemu, aliyekiinua hivyo ili maji ya masika yasiingie, na wenye nyumba tulizoea kuinua mguu bila kufikiri. Mke mwenzangu alijigonga hapo, akaanguka mbele ya majirani, mkoba ukamwaga kila kitu. Akaketi chini pale pale, akakipapasa kile kizingiti mwisho hadi mwisho, akakijua ni mkono wa nani. Akamtukana mume wetu tusi ambalo siliandiki. Mimi nikaongeza lingine.

Kesho yake nikamwita seremala na msumeno. Alikitazama akasikitika, akasema kazi safi namna hii haikatwi, ni dhambi. Nikamwambia akate. Mke mwenzangu alikaa kando na kikombe cha chai, uso umeelekea sauti ya msumeno, akaniuliza kimebaki kiasi gani.

"Nusu," nikamwambia.

"Akate mpaka chini," akasema.