Gari Lililopanda Gari

Nilifika kijijini Namawala kwa likizo wiki iliyopita, na kitu cha kwanza kilichonipokea uani kwa bibi ni mlango wa banda la kuku. Ni ubao wa mtiki uliokatwa kwa msumeno butu, na juu yake kuna namba saba ya rangi nyekundu, imefifia, imetapakaa kinyesi cha kuku. Nilisimama na begi langu mgongoni, uso ukaniwaka moto. Usinicheke bado, rafiki yangu. Ule ubao ulikuwa ubavu wa gari langu la mbio, na mpaka leo nikiuona natamani ardhi inimeze.

Nilikuwa darasa la tano. Mavuno yalikuwa yameisha, ule msimu ambao nyumba nzima inanukia magunia mapya na barabara inageuka unga. Asubuhi niliamshwa na mchi wa bibi akitwanga pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa, na kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kisha kukaa na fimbo kando ya mkeka wa mpunga kufukuza kuku. Kazi hiyo niliipenda kwa sababu kuku hawasalimii. Nilikuwa na aibu, yaani aibu ya kweli kweli. Wageni niliwaamkia nikiwa nyuma ya mlango. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa akisema, "Huyu majibu anayo, ila hayatoki."

Kwenye gari tu ndipo nilipojisahau. Mjomba wangu, mdogo wake mama, ndiye aliyenitengenezea. Mabaki ya mbao za mtiki, usukani wa ukingo wa ndoo, na chini beringi nne za chuma badala ya magurudumu. Ukilisukuma kwenye sakafu ya saruji lilikuwa linalia kama nyuki. Binamu yangu, mtoto wa shangazi wa Lipangalala kule mjini Ifakara, alikuwa ametuletea habari kwamba wakati wa likizo kutakuwa na mashindano ya vigari vya watoto kwenye uwanja mmoja wa Mlabani: mmoja anaendesha, mwenzake anasukuma. Yeye angesukuma. Mimi ni mwepesi, ningeendesha. Tatizo likabaki moja, gari litafikaje mjini.

"Si ulivute kwa kamba?" watu waliuliza.

Mjomba alikasirika. Alishaona kwenye kibanda cha video jinsi magari ya mbio ya wazungu yanavyobebwa ndani ya malori, yamefungwa mikanda kama wagonjwa. Akatangaza kwamba gari la mbio haliendi kwenye mbio kwa miguu yake lenyewe. Vumbi likiingia kwenye beringi, kazi imekwisha. Kijiji kikapata cha kusema. "Jamani, gari lina magurudumu manne, linatafutiwa usafiri." "Kesho mtasikia baiskeli imepanda basi." Bibi peke yake ndiye aliyetutetea, huku anapepeta. "Hata bibi harusi hubebwa," alisema, "na miguu anayo."

Basi tukaanza kuchagua. Nilikata tete lenye urefu sawa na gari, nikawa nazunguka nalo nyuma ya mjomba tukipima vyombo vya watu. Baiskeli ya babu ilikataa mapema, gari lingekingama kwenye keria na kugonga kila tunayepishana naye. Kijana wa bodaboda alisema atalipakata mbele na mimi nikae juu yake. Mjomba akanivuta mkono, tukaenda kwa mwenye bajaji. Kwenye bajaji nusu iliingia, nusu ikabaki nje kama mbuzi anayegoma. Pawatila, lile trekta dogo la mkono, lilikuwa na tela zuri, lakini linatetemeka mpaka meno yanahama. Mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yetu Msukuma ulikuwa laini kama kitanda, tatizo ng'ombe wake walisimama kwenye kila jani. "Hawa watafika," jirani mwenyewe alisema kwa uaminifu, "ila siwezi kuwasemea lini."

Likabaki toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, ya kijana wa nyumba ya tatu. Nililaza tete langu kwenye bodi, likatoshea. Mimi ndiye niliyesema, "Hili hapa." Nilijisikia mtu mzima.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kila tulichofanya baada ya hapo kilikuwa cha busara. Ili vumbi lisiingie, bibi alitoa shuka lake jeupe la wageni, tukalifunika gari lote na kulichomekea pembeni. Ili beringi zisigongane, mjomba alimwambia dereva asizidi mwendo wa baiskeli. Taa ya toyo ilikuwa haizimiki, imewaka tangu ilipoharibika swichi. Mjomba alikuwa anabaki Namawala, na bibi alisema hawezi kumwachia mtoto wa kike aende mjini peke yake, akapanda, akakaa kando ya gari, akajifunika kanga kichwani mpaka usoni kwa ajili ya vumbi. Alikuwa ameamka kutwanga tangu alfajiri, na hatukufika mbali akasinzia, kichwa kimeinama. Mimi nilikaa nimegeukia nyuma, mkono juu ya shuka, gari lisicheze.

Umeshaona ninachotaka kusema. Mimi nilikuwa sijaona.

Nilipogeuza shingo nilimwona mwanamume wa kwanza, anakuja mbele yetu na baiskeli. Alishuka, akavua kofia, akasimama majanini mpaka tukapita. Nilimwamkia, kwa sababu mtu mzima unamwamkia. "Marahaba," aliitika. "Pole, mwanangu." Nikasema asante. Ukipewa pole unasema asante, ndivyo tulivyofundishwa, na vumbi lilikuwa kali kweli, nilidhani ananipa pole ya vumbi.

Mbele kidogo, kwenye kituo chenye maduka, mwenye duka mmoja alizima redio. Wanawake waliokuwa wanaanika samaki walichuchumaa. Hapo ndipo nilipolitazama shuka jeupe, urefu wake, bibi aliyeinamisha kichwa, nikaelewa.

Nilimgusa bibi, akasogeza kanga na kuendelea kulala. Dereva alikuwa na helmeti na injini inamngurumia masikioni, na vioo vyake vya pembeni vilishavunjika zamani. Kwa hiyo katika toyo lile aliyekuwa anaona ni mimi tu. Nilitakiwa kufungua mdomo na kusema neno moja, gari. Kila aliyesimama nilijiambia, huyu anayekuja nitamwambia. Anafika, ananitazama kwa huruma, ananipa pole, nami nasema asante tena.

Na baiskeli zikaanza kujaa nyuma yetu. Kwetu mtu hampiti marehemu barabarani. Ukimkuta unabaki nyuma, unamsindikiza kipande, kisha unashika njia yako. Walikuja wawili, wakageuka. Wakaja wengine, nao wakaishia kwenye michepuko yao. Mmoja hakugeuka. Alikuwa mama wa makamo, baiskeli yake ina tenga la samaki nyuma limefunikwa majani ya mgomba. Angeweza kutupita mara mia, maana samaki hawasubiri na soko la asubuhi halisubiri. Alibaki nyuma yetu, jasho linamtoka, nzi wanazidi kwenye tenga. Nilimkazia macho. Moyoni nilikuwa nasema, mama nenda, tafadhali nenda, samaki wako wanaharibika. Mdomo haukufunguka. Alichofanya ni kunitikisia kichwa taratibu, akazidi kukanyaga pedali.

Tulipoingia mjini aliipita kona ya sokoni, akatufuata mpaka Lipangalala.

Kwa shangazi, tulikokuwa tulale kusubiri mashindano, uwanja ulikuwa umejaa watu. Yule mwenye duka alikuwa anamfahamu bibi, alimtambua pale aliposogeza kanga, akapiga simu. Habari ilikuwa imetutangulia. Mikeka imetandikwa, kuni zimeletwa, sufuria kubwa la wali liko motoni, wanaume wameshaanza kunong'ona habari ya nani akachimbe. Shangazi alikuwa amekaa chini, kanga kiunoni, sauti imemkauka. Alikuwa ameambiwa bibi ameleta maiti ya mtoto, na mtoto aliyekuwa anakaa na bibi ni mimi.

Toyo lilipozima, bibi aliamka. Akaona mikeka, akaona wanawake wamejitanda, akaona mwanawe anagaagaa. Hakuuliza. Alishuka na kuangua kilio kikubwa, akaweka mikono kichwani, "Jamani, nani tena, mbona hamkuniambia." Shangazi aliposikia mama yake analia, naye akaanza upya. Wakakumbatiana, kila mmoja anamlilia marehemu wa mwenzake. Uwanja mzima ukawafuata.

Nikasimama ndani ya bodi.

"Hakuna aliyekufa," nilisema.

Haikusikika. Nikarudia, na safari hii sauti ilitoka kali, sauti ambayo sikujua ninayo. "Hakuna aliyekufa. Ni gari." Nikavuta shuka.

Shangazi aliniona, akaja mbio, akanishika mashavu, akanishika mikono, akanipiga kofi la mgongoni, kisha akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Mzee mmoja jirani alisogea akalitazama gari langu kwa muda mrefu. "Kwa hiyo tumeacha kazi zetu kuja kuzika mbao?"

"Angalia vizuri, mzee," kijana mmoja akasema. "Marehemu ana usukani."

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka, cha watu waliokuwa wanalia sasa hivi, na hakuna kicheko kinachouma kama hicho. Bibi alikuwa ameketi anajifuta macho kwa kanga, hajui acheke au aombe radhi. Nikajiingiza nyuma ya toyo, nikakuta yule mama wa samaki amesimama pale pale, ameshika baiskeli yake. Harufu ilikuwa imeshaanza. Nilijua huyu ndiye mwenye haki ya kunichapa.

"Kweli hakuna?" aliniuliza.

"Hakuna. Ni gari la mchezo. Nisamehe, mama."

Alikaa chini, pale pale mchangani, kama aliyekatwa miguu. "Mungu ashukuriwe," alisema. Kisha akaniambia, bila hasira, maneno ninayoyabeba mpaka leo: "Nilitaka kugeuka, mwanangu. Kila nikitaka kugeuka naona unaniangalia. Nikasema huyu mtoto anaomba asiachwe peke yake."

Sikumwambia macho yangu yalikuwa yanaomba nini. Nililia mimi sasa, na watu wakadhani ni aibu ya kuchekwa.

Bibi alisema wali ukishaiva haujali umepikiwa nini. Watu wakala. Samaki waliokuwa bado wazima walichaguliwa, wakakaangwa. Wengine walifukiwa nyuma ya choo, na shangazi alimpa yule mama mchele wa kufidia, ambao aliukataa, kisha akalazimishwa. Aliondoka jioni. Hatukumuuliza anatoka wapi, wala kwa nini mwanamke aache soko kwa ajili ya mtoto asiyemjua. Watu wazima walionekana wanajua bila kuuliza. Mimi nimekuja kulifikiria baadaye sana, kwamba huenda naye aliwahi kumsindikiza wa kwake.

Mashindano nilishiriki, kwa sababu mjomba angeumia. Beringi zilikuwa safi kabisa, hazina hata chembe ya vumbi. Lakini Ifakara nzima ilishasikia. Tulipojipanga kwenye mstari watoto wa Mlabani walipiga kelele, "Marehemu kafufuka. Msimpite, jamani, ni msiba." Filimbi ikalia, wakanipita wote.

Leo mjomba yuko mbali anakata miwa, mkokoteni wa jirani umeoza, na bibi hatwangi pepeta tena, kifua hakimruhusu. Barabara imelimwa ikapanuliwa, magari yanakimbia. Juzi uliletwa mwili kutoka hospitali kwa pick-up, majani yamefungwa mbele, taa zinawaka mchana, nikaona bodaboda tatu zikiupita kwa honi, moja imepakia abiria anayekula muwa. Hakuna aliyeshuka, na sijui desturi ile iliondoka siku gani, kwa maana haikuaga.

Mimi hushuka. Nikiona chombo kinakwenda taratibu kimefunikwa, nashuka kwenye baiskeli na kusimama majanini. Jana lilipita toyo lenye kitu kirefu chini ya turubai, na kijana aliyekaa nyuma akanionea huruma. "Dada, ni friji hili," aliniambia. Mwenzake akacheka mpaka akashika bodi. Niliona aibu, kwa nini nikudanganye. Lakini nilibaki nimesimama, kwa sababu ukiwa barabarani huwezi kujua ni nani amekaa nyuma, anatazama kama utageuka.