Bi Pindo Anatembezwa Madukani

Siku ya kumi na moja Bi Pindo alipelekwa mtaa wa vitanda, na ni huko alikojua kwamba hakuja mjini kutembea.

Jina la Pindo alipewa na wateja. Alikuwa fundi cherehani, na nguo aliyoishona, hata ingekuwa sare ya mtoto wa chekechea, ungeligeuza pindo lake mara tatu usiuone uzi. Miaka thelathini na miwili alikaa katika chumba kimoja cha kupanga, mlango unatazama barabara, cherehani penye mwanga, kitanda nyuma ya pazia. Mdomo wake ulifanya kazi sambamba na miguu. Aliyekwenda kupimwa kiuno alipimwa na tabia, na majibu yote mawili alipewa papo hapo.

Mwanawe wa pekee alikuwa karani wa ofisi ya bima katika jiji kubwa. Alimwambia mama, njoo kwangu wiki moja, upumzike, uone maduka. Akamfuata mwenyewe, akambebea begi, akafunga mlango wa chumba na kutia ufunguo mfukoni mwake. Bi Pindo alimwona akifanya hivyo, akafikiri tu kwamba amezaa mtoto mwenye adabu.

Na tusimsingizie, siku za mwanzo alifurahi. Mke wa kijana huyo, mwalimu aliyekuwa likizo, ndiye aliyemtembeza. Jiji lile kila biashara ilikuwa na mtaa wake. Kulikuwa na mtaa wa taa, ambako mchana kweupe kila kitu kinawaka kana kwamba umeme unatolewa bure. Kulikuwa na jumba la ghorofa saba lenye ngazi zinazotembea zenyewe. Bi Pindo alikusanya gauni kwa mikono miwili akazirukia kama anayevuka mtaro, na walinzi wakageuka ukutani ili wacheke kwa heshima. Mtaa wa vitambaa ndio uliomkolea. Muuzaji mmoja alimwapia kwamba kitambaa chake ni pamba tupu. Bi Pindo akakifikicha, akachomoa uzi, akaomba kiberiti. Uzi ukajikunja ukawa kidonge. Akamuuliza yule bwana ni shamba gani linalotoa pamba ya kuyeyuka. Duka zima lilicheka, na mwenyewe akamtolea kiti. Hadithi ile Bi Pindo aliiweka vizuri moyoni, akamsimulie fundi viatu wa jirani akirudi.

Wiki ikaisha. Akamuuliza mwanawe habari ya tiketi, akaambiwa kesho, mama. Kesho yake akaambiwa kesho. Sasa, ukitaka kumdanganya fundi cherehani usimdanganye kwa kesho, maana kesho ni mali ya mafundi. Mara ngapi yeye mwenyewe alimwambia mtu njoo kesho na kitambaa hata mkasi hakijauona? Alijua kabisa maana yake: kazi haijaguswa, na haitaguswa.

Moyo ukaanza kumbana. Nyumba ilikuwa ghorofa ya tano, na mlango wa chini ulifunguliwa kwa namba ambazo hakupewa. Akisema anashuka kununua uzi, aliambiwa atapotea. Akishika ufagio alinyang'anywa, akisogelea jiko alikalishwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bi Pindo alilingoja jembe lake mpaka viganja vikamuwasha. Asubuhi wanatoka tena, mtaa wa vyombo, mtaa wa mazulia, mtaa wa saa, mkwe amemshika mkono, mkono haumwachi. Alizungushwa jiji zima na bado alijiona hajatoka ndani.

Basi siku hiyo ya vitanda, seremala mmoja aliwauliza wanataka cha ukubwa gani. Mkwe akasema cha mtu mmoja, cha chumba kidogo cha karibu na jiko, kisiwe kirefu sana kwenda juu ili mama asipate tabu kushuka. Seremala akakipigapiga kitanda kimoja cha mti mgumu.

"Hiki, bibi, wewe ndiye utakayekiacha," akasema, akidhani anasifia mbao.

Bi Pindo akakaa juu yake. Akamuuliza mkwe kitanda ni cha nani. Mkwe akatazama chini, akasema alitaka mumewe amwambie mwenyewe. Kisha likatoka lote kwa pamoja. Mwaka uliopita Bi Pindo alianguka akishona, mteja akamkuta sakafuni. Mwenyewe alisema ni njaa tu. Mwanawe tangu siku hiyo hakupata usingizi wa kushiba. Chumba kilikuwa kimesharudishwa kwa mwenye nyumba. Vitu vilikuwa njiani.

"Na cherehani?"

"Imeuzwa, mama. Ndiyo inayonunua kitanda."

Bi Pindo akapitisha kiganja juu ya mbao, taratibu, kama anavyokagua kitambaa.

"Kumbe nimekalia cherehani yangu," akasema.

Akavua viatu, akapandisha miguu, akalala chali. Mkwe akamwomba ainuke, watu wanatazama. Bi Pindo akamjibu kwa upole kwamba watu na watazame. Katika jiji lote hili kitu chake ni hiki kimoja, na yuko juu yake. Hakulia. Alikuwa na hasira nyingi mno, na hakuna hata mmoja wa kumtupia, maana aliyemfungia ndiye anayempenda kuliko wote duniani. Wateja waliingia, wakamzunguka, wakatoka. Seremala aliendelea kupiga randa upande wa pili.

Mkwe akapiga simu. Baada ya saa nzima mwana akafika, tai imepinda, jasho shingoni. Alisimama ubavuni mwa kitanda, na Bi Pindo akaona jinsi nywele zake zilivyoanza kuota mvi masikioni. Akamwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi.

"Mama, inuka. Twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Kijana akainyoosha tai yake. Angeweza kusema kwetu. Angeweza kusema kwako, na seremala angemsaidia kuapa. Lakini mama yake alimlea kwa kumkataza uongo, na uongo wa siku kumi na moja ulikuwa umemchosha.

"Kwangu," akasema, polepole.

Bi Pindo akalipima neno hilo, akaliona halina uongo. Kisha akashusha miguu, akaanza kuvitafuta viatu vyake chini ya kitanda.