Kitenge cha Mamba-muntu

Juzi, kule mtaani Saio, niliona mamba-muntu amechorwa kwenye ukuta wa saluni, nusu mwanamke nusu samaki, akichana nywele zake ndefu. Nikasikia tena harufu ya mihogo iliyolowekwa.

Mchana ule wa utoto wangu, mimi na koko, mama ya baba yangu, tulienda mtoni Shari kutoa mihogo yetu majini. Vita ilisemekana imekwisha. Katikati ya matete niliona nywele ndefu zikicheza na maji.

"Koko, mamba-muntu!"

Alitazama sana. "Ni yeye. Usimuangalie, iko nalala."

Akavua kitenge chake cha juu, akamtandazia polepole, kama anayemfunika mtu aliyelala. Tukarudi bila mihogo.

Miaka mingi nilijisifu shuleni kwamba nilimwona. Leo ninajua mamba-muntu hafunikwi. Koko alifunika maiti ya mtoto wa mtu.