Muhogo Juu ya Lami ya Ndege

Juzi nilikwenda Bwegera kutafuta mpunga. Tulipofika pale palipokuwa kambi ya ndege za jeshi, nikamwambia mwenye pikipiki asimame. Hakuzima hata motere.

"Mama, twende. Hapa haiko mahali pa kusimama."

"Weye ulinikuta hapa," nikamjibu.

Nikashuka, lakini kusema kweli hata mimi sikutulia: macho juu, miguu inataka kukimbia. Nyasi zimemeza lami. Ng'ombe walioshuka kutoka Rurambo wanakula pale ndege zilipokuwa zinatua.

Usinione na mashine yangu ya kukoboa mpunga huku Nyamianda ukadhani nilisoma. Darasa la tatu, basi. Nililelewa pembeni ya lami ile na tate, mama aliyemzaa mama yangu. Wazungu waliamuru ijengwe; mawe waliyabeba wazee wetu vichwani. Kisha askari wetu wakairithi. Ndege ilishusha askari, sabuni na maharage, ikapandisha wagonjwa. Ikishaondoka, lami ilikuwa yetu. Wamama walianika muhogo uliolowekwa, wenye harufu ile kali unayoijua. Kwenye udongo unakauka siku tatu. Kwenye lami, moja. Komanda alikubali kwa sharti: rubani anazunguka juu mara moja, huo mzunguko ni wa wamama, akirudi, akute lami wazi. Tulikunja mikeka mbio, tukitaniana: "Mwenye matako mazito atakanyagwa!"

Mwaka mmoja wa vita, tate alianika muhogo wa shamba zima. Mvua ilikuwa karibu, na nyumbani hapakuwa na chakula kingine mpaka mavuno. Ndege ikatokea upande wa ziwa, chini chini. Haikuzunguka. Tulikimbia, mikeka ikabaki. Magurudumu yakapita juu ya muhogo wetu, ukawa vumbi jeupe.

Tate akaifuata mpaka iliposimama, mimi nyuma yake. Mlango ukafunguka, rubani akashuka.

"Weye! Mama yako hakukulisha muhogo? Mbona hukuzunguka?"

Mwanaume yule, na bastola yake kiunoni, akavua kofia. "Mama, unisamehe. Iko watu wanakufa mu ndege."

Tate akachungulia ndani. Akafungua kitenge chake cha juu, akampa rubani, wamfunge nacho askari mmoja mguu.

Siku ya pili rubani alileta gunia la maharage, akalitua mwenyewe mlangoni petu. Tate akalalamika kwamba yana wadudu. Tuliyala msimu mzima.

Siku hizi kitu kikilia juu ya Nyamianda, watoto wanakitambua kwa mlio tu: droni. Watu wanaingia ndani, wanangoja. Lami imekufa, wamama wale wametawanyika, wengine wako udongoni. Hayo nimeyakubali, kila kitu kina mwisho wake. Kinachoninyima raha ni kwamba hii ya leo haina mlango wa kufunguka, mtu ashuke, umgombeze.