Ulimi Kabla ya Mswaki

Majira yale ya baridi Johannesburg niliishi nusu usingizini. Usiku silali, mchana siamki sawasawa. Nikiwa kwenye cherehani dukani Kensington, mguu unakanyaga, kitambaa kinakwenda, na mimi nipo barazani kwa mama yangu, Tanga, nasikia kabisa harufu ya mihogo ya kuchoma. Nikizinduka, mshono umekwenda upande. Miguu ya baridi, kichwa chepesi, moyo unadunda bila sababu.

Mume wangu sikumwambia. Alikuwa mlinzi wa usiku huko Midrand, na mwaka uliotangulia, nilipokohoa kidogo tu, alisema, "Baridi ya huku haikufai. Ukiugua tena nakurudisha kwenu." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonitisha. Mume mkali hubembelezwa. Huyu wangu mpole akiamua, ameamua. Nami sikutaka kuishi mbali naye, nasema wazi, sioni haya. Basi kila alfajiri, ndege waitwao hadida walipoanza makelele yao juu ya mapaa ya Troyeville, nilijipaka poda na wanja, nikampokea nang'aa. Akishalala, ndipo nachoka.

Mteja mmoja akanielekeza kwa daktari wa Kichina, kule Cyrildene. Nilijiandaa kama mwenda harusini, maana mama hakunilea kwenda kwa daktari ovyo ovyo. Nikapiga mswaki, nikakwangua ulimi kwa kijiko mpaka ukawasha, nikapaka poda, nikajifukiza udi. Kucha zilikuwa na hina mpya.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, nyuma yake chupa za mizizi na maganda ya machungwa yaliyokaushwa. Aliniambia nitoe ulimi. Akautazama kwenye mwanga wa dirisha, akaguna. Akashika kucha, akaziachia. Akapitisha kidole shavuni mwangu, kikarudi na poda.

"Eish, mama," alisema, kwa Kiingereza chake chenye Kizulu ndani. "Umefuta kila kitu. Nitazame wapi sasa?"

Akanieleza taratibu. Mwili ukipoteza mizani, joto likizidi baridi au baridi ikizidi joto, hausemi kwa maumivu peke yake. Husema kwa rangi ya ulimi na utando wake, kwa weupe wa kucha, kwa kivuli chini ya macho. Ulimi wa mtu aliyechoka na kuwaza sana huvimba, meno yakaacha alama kandokando. Mimi nilikuwa nimembakishia mapigo ya mshipa tu. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu, akafumba macho, nami nikafumba. Sijui tulikaa vile muda gani. Chumba kilinukia mizizi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilikaribia kusinzia.

"Mapigo ni membamba," alisema. "Kesho uje kama ulivyoamka. Usipige mswaki, usipake kitu."

Nilirudi nimenuna. Kama nilivyoamka ndivyo hasa mume wangu asivyotakiwa kuniona.

Alfajiri nilitawadha, nikaswali, nikabaki na uso ule ule wa udhu. Nilishika kopo la poda, nikaliweka chini, nikalishika tena. Mwishowe nikasimama kwenye kioo na kutoa ulimi. Ulikuwa umepauka, na kingo zake zimebonyea kama za sambusa. Mlango ukafunguka, mume wangu akaingia kutoka kazini.

Aliutazama uso wangu usio na poda. "Unaumwa," alisema. "Tangu lini?"

"Tangu baridi ianze. Leo naenda tena kwa daktari. Usinirudishe, tafadhali."

Aliuliza huyo daktari ameona nini. Nikamwonyesha ulimi, nikamweleza habari ya alama za meno, ya kuwaza, na ya kutopiga mswaki. Kisha akavua kofia ya kazini, akasogea kando yangu kiooni na kutoa wa kwake. Alama zilikuwepo, tena zake zimezama kuliko zangu.

"Mchana silali," alisema. "Nafumba macho tu mpaka utoke, usije ukaniwazia."

Tulisimama pale, watu wazima wawili, ndimi nje, jua la baridi likiingia polepole dirishani. Nilitaka kucheka, nikalia.

"Sasa nani atamrudisha nani?" nilimuuliza.

Alichukua mswaki wake kwa mazoea, akauangalia, akaurudisha kikombeni.

"Vaa koti," alisema. "Twende wote."