Wimbo Niliompandishia

Mwanamume wangu wa kwanza alikuwa mwalimu wa kwaya yetu pale Mlabani, na muda wote tuliokuwa pamoja kazi yangu ilikuwa kumfunulia karatasi za nota. Nilimwomba anifundishe kinanda. Alinishika mkono akauinua mbele ya wanakwaya.

"Vidole hivi? Hivi vya kupepeta mchele, mtoto. Wewe nifunulie tu."

Wakacheka. Nami nikacheka, maana nilimpenda. Sijakisamehe kile kicheko changu. Yeye ndiyo kabisa sijamsamehe.

Baadaye alihamia Chita kufundisha kwaya nyingine, hata kuniaga hakuniaga. Msimu wa kulima ulipofika, wanakwaya karibu wote wakahamia mashambani bondeni, kama kila mwaka, mpaka mpunga uvunwe. Kinanda kikabaki kimefunikwa kitambaa. Nikaomba ufunguo kwa katekista. Nilijifunza kwa video za simu, na nikikosea nota moja nilirudia wimbo tangu mwanzo, hata kama nilikuwa nimebakiza mstari wa mwisho. Kanisa lilikuwa tupu.

Halikukaa tupu sana. Fundi mmoja wa pawatila, vile vitrekta vya mkono vya kulimia mpunga, alikuja kurekebisha jenereta ya parokia, akabaki kusikiliza. Hajui do wala re. Umeme ukikatika alileta betri yake, akakaa benchi la nyuma.

"Pale umesita," alikuwa akisema. "Rudia, nipo."

Hakuwahi kunisifu kabla sijaweza, ndiyo maana nilimwamini. Nikampenda. Wanakwaya waliporudi na mavuno, walinikuta mimi ndiye mpiga kinanda.

Kisha ikaja sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu msimamizi wetu, na kwaya ya Chita ikaalikwa. Mwalimu wao angeimba peke yake wakati wa matoleo, wimbo ule ule aliojivunia tangu akiwa kwetu. Mimi nilijua kilele chake hukifikia kwa shida. Enzi zile nilikuwa nafunua karatasi huku nikiona mishipa ya shingo ikimtoka.

"Tumsifu Yesu Kristo," alinisalimia.

"Milele amina."

"Kumbe unapiga wewe! Basi nifuate taratibu, usiogope."

Kinanda chetu kina kitufe cha kupandisha wimbo mzima uimbwe juu zaidi, vidole vikabaki palepale. Nikakibonyeza mara mbili.

Alianza vizuri. Kwenye kilele sauti ikapasuka kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Eh! Huyu kameza pumba?" Mwimbaji akanigeukia, akaelewa kuwa ni mimi. Nikatabasamu, nikampigia ubeti wa pili kwa upole, huko huko juu asikofika.

Baada ya misa nilimkimbilia fundi wangu nje, nikimngojea acheke.

"Leo wimbo ulikuwa juu kuliko ulipoufanyia mazoezi," alisema.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Ila miezi yote nimekaa nikikusikiliza wewe. Leo nimemsikia yeye tu."

Watu walitupita wakijadili koo la mgeni. Hakuna aliyetaja kinanda. Nilikuwa nimepiga bila kosa hata moja, kwa mara ya kwanza maishani, na sifa hiyo nayo alikuwa ameichukua yule mwalimu. Sikumhurumia. Nilimchukia upya, nikatamani arudi ndani nimpandishie tena.